Milima ya Watkins, Greenland: mbona mgongo wake unakatika, na ile mistari ukutani ni nini?

Mchoraji:
Wakuu, salaam. Hii ni wiki ya tatu nachora kwa mkono ramani ya mashariki ya Greenland, na nimekwama kwenye safu ya Watkins. Naweka karatasi nyembamba juu ya picha ya setilaiti, nafuatisha kila kipande cheusi kwa penseli. Nikishika mgongo wa mlima, haufiki mbali, unazama kwenye weupe. Mbele unachomoza mwingine peke yake, kama kisiwa. Na hapo ndipo kilipo Gunnbjørn Fjeld, mita 3,694, kilele kirefu kuliko vyote kaskazini ya Duara la Aktiki.

Kinachonisumbua zaidi ni kuta zake. Zina mistari ya mlalo, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kuanzia chini hadi juu. Nilidhani picha ina kasoro, nikatafuta nyingine ya siku tofauti. Mistari ile ile! Nichore nini hapo?

Mpenda Mawe:
Ndugu, picha yako ni nzima. Hayo ni matabaka ya bazalti, yaani jiwe jeusi la lava iliyoganda. Miaka milioni 56 hivi iliyopita Greenland ilikuwa ikiachana na Ulaya. Ardhi ikapasuka, lava ikamwagika, ikatandaa, ikapoa, kisha nyingine ikaja kulala juu yake, tena na tena. Visiwa vya Faroe vimejengwa na lava ya kipindi hicho hicho, kwa sababu wakati ule vilikuwa jirani na pwani hiyo.

Baadaye nchi iliinuka, barafuto, yaani mito ya barafu inayotambaa polepole, zikaikata. Kila tabaka limebaki kama ngazi: theluji inatulia pale penye bapa, ila kwenye ukuta wima haishiki, jiwe linabaki wazi. Ndiyo weupe na weusi unaouona. Tafadhali usiiache mistari hiyo. Bila yenyewe utakuwa umechora mlima mwingine.

Mzee wa Ramani:
Niongezee kuhusu mgongo. Haukatiki, umefunikwa. Barafu ya katikati ya Greenland inafikia unene wa kilomita 3, na uzito wake umeididimiza miamba ya chini hadi sehemu nyingine iko chini ya usawa wa bahari. Iwazie nchi kama bakuli lililojaa barafu, milima ndiyo ukingo wake. Vilele vinavyotokeza huitwa nunataki, neno la Wainuit wenyewe, wenyeji wa Greenland. Usiviunganishe kwa wino mzito. Weka nukta nukta.

Halafu jina, kwa kuwa unaliandika kwenye ramani: Gino Watkins aliongoza msafara wa Waingereza wa 1930–31, uliotumia ndege kuchunguza pwani hiyo. Agosti 1932 alitoka peke yake kuwinda sili, kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ikakutwa inaelea tupu. Alikuwa na miaka 25. Kilele cha Gunnbjørn Fjeld kilipandwa mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1935, na miongoni mwa waliofika alikuwemo Lawrence Wager, mwanajiolojia.

Mchoraji:
Asanteni sana. Nimefuta mgongo wote niliokuwa nimeulazimisha uungane, nikaweka nukta. Mistari ya kuta naipiga kwa kalamu nyembamba kabisa, na usiku huu nimemaliza ukuta mmoja tu. Mpenda Mawe, matabaka hayo yamelala sawasawa safu nzima, au kuna upande yameinama? Nikitazama kuelekea baharini naona kama yanashuka.