Gesi ya AC imetoka yote nilipofungua nati isiyo yake: nijaze tu, au kuna kazi kabla?

Mwana wa Arua

Salamu ndugu zangu. Nina Toyota Premio ya 2004. Jumamosi nilikuwa nashusha redieta mwenyewe hapa Arua, inavuja kwa chini. Paipu ya AC ikanizuia, nikaona nati ya 10, nikaifungua nikidhani inashika kibano tu. Ikatoka fyuuu, ukungu mweupe na mafuta, kidole kikaungua kwa baridi. Baada ya dakika moja, kimya. Mdomo wa paipu nimekuja kuuziba kwa nailoni kesho yake asubuhi, umande umeshapita usiku kucha.

Mama yangu ana pumu. Kila wiki mbili namtoa kijijini kumleta kliniki, na njia yote ni murram. Lori likiwa mbele, ni vumbi jekundu tupu. Nikifungua vioo anakohoa mpaka tunasimama. Nikivifunga bila AC, kwa jua hili la mwezi wa kwanza, anaishiwa nguvu. Kwa hiyo AC kwangu ni sehemu ya matibabu yake.

Fundi mmoja hapa anataka kujaza leo leo kwa elfu themanini. Mwingine anasema hewa inyonywe kwanza. Wa tatu kaniambia gesi ya kupikia inapoza vizuri na bei yake ni ndogo. Stika ya boneti inasomeka HFC-134a, lakini gramu zimefutika. Nimsikilize nani?

Fundi wa Ndeeba

Pole sana ndugu, na kidole ukitunze. R134a, ndiyo hiyo HFC-134a ya stika yako, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ndiyo maana imekuchoma.

Msikilize wa pili. Gesi iliyotoka inanunulika, kinachonisumbua mimi ni kilichoingia usiku ule. Mafuta ya kompresa (mtambo unaosukuma gesi) ya R134a yanavuta unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Unyevu ukibaki ndani unaganda kwenye vali, AC inapoza dakika kumi halafu inatoa joto, na polepole asidi inakula mabomba. Ukijaza juu ya hewa hiyo, presha inapanda na ubaridi hupati.

Badilisha draya, kile kikaushio cha gesi, kwa sababu dawa yake ya kukausha imeshashiba. Kwenye gari nyingi za umri wa lako imo ubavuni mwa kondensa, ile iliyo kama redieta mbele ya gari. Weka oringi (pete ya mpira) mpya kwenye ile nati, na umwambie muuzaji ni ya R134a, maana mpira wa kawaida huvimba. Mafuta yaliyoruka yarudishwe kwa kiasi kilekile, yasizidi. Toyota nyingi za R134a hutumia ND-OIL 8.

Kisha pampu inyonye hewa dakika 45. Funga koki, zima pampu, ngoja nusu saa. Mshale wa saa ya presha ukirudi, kuna tundu: usijaze, tafuta. Kwa barabara zenu angalia kwanza palipoganda vumbi lenye mafuta, halafu pakapake povu la sabuni.

Gesi ijazwe kwa mizani. Gari ndogo nyingi hubeba kati ya gramu 400 na 600, lakini usikisie, tafuta gramu za gari lako kwa namba ya chesisi. Injini ikinguruma, fungua koki ya buluu (ya presha ndogo) peke yake, kopo likiwa limesimama wima ili ipite gesi, si maji yake. Koki nyekundu (ya presha kubwa) usiiguse, kopo linaweza kupasuka mkononi. Mwanzoni kompresa itakataa kushika. Ni swichi ya presha inailinda. Asikuunganishie waya kuilazimisha.

Gesi ya kupikia, hapana kabisa. Kile kipozeo kimekaa nyuma ya dashibodi, ndani mnamokaa. Kikivuja, gesi inayowaka iko na mama yako, vioo vimefungwa.

Dereva wa Malaba

Naunga mkono. Mimi nilijaziwa juu kwa juu mara tatu katika mwaka mmoja, mara ya nne kompresa ikafa. Gharama yake ingenyonya hewa mara ishirini.

Mwana wa Arua

Asanteni. Nimepata fundi mwenye pampu, draya na oringi ni mpya. Tatizo: saa ya pampu imefika inchi 26 za zebaki na haisogei, ni dakika 50 sasa. Anasema pampu imechoka, kitabu chake kinataka 29. Tusimame?

Fundi wa Ndeeba

Msisimame, pampu ni nzima! Hiyo 29 ni ya mtu aliyeko usawa wa bahari, Mombasa kwa mfano. Saa hupima tofauti ya ndani na hewa ya nje, na sisi tuko karibu mita 1,200 juu, Arua na Kampala vilevile. Hewa yetu yenyewe haizidi inchi 26 hivi, kwa hiyo umeshafika mwisho. Kabale itasoma chini zaidi, na si kosa. Nimeona vijana wakitupa pampu nzuri kwa jambo hili, inaniuma. Funga koki, angalia kama mshale unakaa.

Mwana wa Arua

Mshale ulikaa nusu saa bila kutikisika. Tumejaza kwa mizani, gramu kamili za chesisi yangu. Kompresa ilishika kopo la kwanza likikaribia kuisha. Kipimajoto kwenye tundu la katikati: nyuzi 8, nje 34.

Leo nimemleta mama. Tulifuata lori la mchanga njia nzima, vioo juu. Amelala mpaka kliniki.

Fundi wa Ndeeba

Nimefurahi mno. Mpe salamu zangu. Na baada ya mwezi paka sabuni tena kwenye ile nati.