Kutangaza biashara ya nyumbani mtaani kwa gharama ndogo: nianzie wapi?

Mzigo_Nyumbani:
Wakuu, nauza vipodozi na sabuni kwa mauzo ya moja kwa moja, yaani ni wakala wa kampuni na namuuzia mteja mwenyewe bila duka kati yetu. Sina duka, mzigo uko nyumbani na oda napeleka mwenyewe. Ndugu na marafiki wameshanunua, sasa nataka kuwafikia watu wa mtaani wasionijua. Bajeti inatosha kuchapisha karatasi tu. Stetasi ya WhatsApp naweka kila siku lakini wanaoiona ni walewale. Nianzie wapi?

Daftari_la_Oda:
Mkuu, stetasi inaonwa na walewale kwa sababu mtu huiona tu ikiwa wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi ina sharti hilohilo: inabeba watu hadi 256, ila asiyekuwa na namba yako kwenye simu hapati kitu. Kwa hiyo kabla ya kutunga tangazo lolote, tafuta kwanza kuhifadhiwa.

Unapokabidhi mzigo, mwombe mteja aihifadhi namba palepale, kwa jina lako pamoja na bidhaa, mfano "Neema Sabuni". Akija kusahau jina lako, atatafuta "sabuni" na utatokea. Hapohapo mtumie ujumbe mfupi wa namna ya kutumia alichonunua.

Pakua WhatsApp Business, ni bure. Kwenye katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako ndani ya programu hiyo, weka picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha, nyuma kukiwa na kitambaa cha rangi moja. Bei na ujazo viandike waziwazi. "Bei njoo inboksi" inafukuza wateja. Wengi hawataki kuanza mazungumzo na mtu wasiyemjua kwa ajili ya bei tu.

Kisha fuatilia kwa mpango wa 2-2-2: siku 2, wiki 2, miezi 2 baada ya kununua. Siku ya pili uliza kama bidhaa imemkubali na kama anaitumia sawasawa, maana malalamiko mengi yanatokana na matumizi mabaya. Wiki ya pili ameshajua anaipenda au la. Hapo ndipo pa kuomba akuunganishe na mtu mmoja. Mmoja tu, na anayemfikiria kwa jina. Ukisema "niambie marafiki zako" hakuna atakayeambiwa. Miezi miwili ni muda wa kuulizia kama inaisha, lakini usiushike kama sheria: kopo la wiki 6 liulizie wiki ya 5.

Karatasi_A6:
Kuhusu karatasi, usichapishe A4 nzima. Ikate mara mbili upate A6 nne kwa kila karatasi. Wino mweusi juu ya karatasi ya njano ni rahisi kuliko wino wa rangi na unaonekana mbali. Weka bidhaa moja, faida moja, tarehe ya mwisho ya ofa, na namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Ukipanga bidhaa ishirini, hakuna hata moja itakayosomwa.

Kila sehemu unayopeleka ipe herufi yake kwenye kona: S kwa saluni, C kwa cherehani, na punguzo liende kwa anayeitaja herufi. Bila hivyo hutajua ni sehemu gani imeleta mteja na utaendelea kupeleka karatasi pasipouza. Omba ruhusa ya mwenye sehemu, nawe jitolee kugawa kadi zake unapopeleka oda. Nguzo na kuta za watu achana nazo. Matangazo yanabanduliwa, na sehemu nyingine kuna faini.

Meza_ya_Sampuli:
Naona vipeperushi vinapewa sifa kuliko vinavyostahili. Kipodozi watu wanataka kukigusa na kukinusa. Tafuta mteja aliyeridhika awe mwenyeji, aalike majirani 10 au 12 akijua si wote watakaofika. Mwenyeji ndiye aalike, si wewe, maana wanakuja kwa ajili yake. Awakumbushe siku moja kabla.

Onyesha bidhaa 3 au 4 ndani ya nusu saa. Sampuli ichotwe kwa kijiti safi, kila mtu na chake. Kuchovya vidole kwenye kopo moja kunaeneza vijidudu na kunaondoa imani. Anayetaka kujaribu apake kidogo mkononi kwanza, si usoni. Fomu za oda zigawe mwanzoni ili watu waweke alama wakati unaonyesha. Zawadi ya mwenyeji ipimwe kwa asilimia ya mauzo, vinginevyo faida yote inaishia kwake. Kabla hamjaachana, uliza nani angependa kuwa mwenyeji wa safari ijayo.

Mzigo_Nyumbani:
Nashukuru sana. Je, nijisajili kwenye ramani ya Google? Nahofia watu wasiojulikana kufika nyumbani.

Daftari_la_Oda:
Huenda ukaweza, kwa kuwa unakutana na wateja ana kwa ana, ila angalia kwanza masharti ya Google kwa mawakala wa mauzo. Chagua kuwa unawafuata wateja waliko, ficha anwani, kisha taja maeneo unayohudumia. Kabla ya hapo soma mkataba wa kampuni unayouzia. Nyingi zinakataza wakala kujisajili kwa jina la kampuni au kutumia nembo bila idhini, na nyingine hazitaki bei ya punguzo itangazwe hadharani. Hilo linahusu pia vipeperushi, kwa hiyo uliza kabla hujaenda kuchapisha.