Ubwiri unga ukila maua ya korosho ni kadari au uzembe wetu?

Wakuu habari za jioni, niko Tandahimba. Braza angu mwaka huu hakupuliza dawa ya salfa hata mara moja, maua yakashika weupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo yakanyauka, nikimuuliza anasema Mungu kapanga, mambo ya wataalam ni kiburi tu. Inaniuma sana maana ada za watoto wake zinategemea korosho hizohizo.

Mdau wa Masasi: Ubwiri unga ni kuvu mkuu, unashambulia maua machanga na majani laini, ndo maana salfa inapulizwa alfajiri umande bado upo ili ishike. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele pale Mtwara wametafiti miaka mingi. Elimu ipo, ukiikataa hasara ni yako.

Bakari Lindi: Mi naswali tano na kadari naiamini kabisa, ila Mtume alimwambia yule bwana mfunge ngamia kwanza ndo utawakali.

Mama wa Newala: Msimhukumu haraka wanangu. Mi nshasema Mungu hakupenda, kumbe hela ya salfa niliimaliza kwenye unyago wa binti nikaona aibu kusema. Kamuulize taratibu, mkiwa wawili.

Muulizaji: Asante mama, hilo sikuliwaza. Kesho asubuhi naenda kwake.