Naomba ushauri: Shule Kuu ya Elimu au ya uvuvi, UDSM?

Shikamooni wakubwa zangu. Nimehitimu kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na ninaishi Ujiji, Kigoma. Ninapotaka kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mama ananielekeza Shule Kuu ya Elimu, nikawe mwalimu wa sayansi, lakini moyo wangu uko Shule Kuu ya Sayansi za Akua (yaani za majini) na Teknolojia ya Uvuvi, hasa tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe samaki kwa miezi 3 mwaka 2024 na mwalo wa Kibirizi, ambao dagaa na migebuka yake ndiyo iliyonisomesha, ukanyamaza. Mama simpuuzi, anahofia ajira. Waliosoma uvuvi, je, mmepata kazi, na nje ya serikali mnaajiriwa wapi?