Kibanda cha ofisi nyuma ya nyumba, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wanakikubali?

Mama Zawadi, Columbus:
Habari zenu wakuu. Mimi ni mkalimani wa kujitegemea, nalipwa kwa 1099, ile fomu ya wasioajiriwa. Mwaka jana tulijenga kibanda uani, futi 12 kwa 16, kikatumaliza dola 14,400 pamoja na kuvuta umeme. Nilianza kukitumia Aprili mosi: napokea simu za hospitali, natafsiri nyaraka, naandika ankara. Ila siku nyingi nashinda mahakamani na kliniki. Anayenijazia ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kasema nisidai makato yoyote ya kodi kwa kibanda, eti kibanda si mahali pangu pakuu pa kazi. Ni kweli? Roho inaniuma.

Mzee wa Risiti:
Dada, kakupa kanuni ya chumba cha ndani. Jengo lililosimama peke yake, lisiloshikana na nyumba, lina kanuni yake: si lazima liwe mahali pakuu pa kazi, wala si lazima upokee wateja humo. Linatakiwa litumike kwa biashara yako mara kwa mara, na kwa biashara tu. Mwambie asome Chapisho 587 la IRS, limeandikwa wazi. Hata chumba cha ndani ungeweza kukitetea, maana ankara na mahesabu yako yote unafanyia hapo.

Kijana wa Dallas:
Nadandia uzi. Mimi ni mwajiriwa wa W-2 (fomu ya mshahara), nafanyia kazi nyumbani siku zote tano. Nimo?

Mzee wa Risiti:
Humo, mkuu. Waajiriwa walifungiwa kuanzia 2018, na sheria ya 2025 ikapigilia misumari kabisa. Muombe bosi akurudishie gharama.

Mama Zawadi:
Asante sana mzee wangu. Sasa nadai kiasi gani?

Binti Hesabu:
Njia ni mbili, da Mama Zawadi. Ya mkato ni dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300. Chako ni futi 192, kwa mwaka mzima dola 960. Kwa kuwa ulianza Aprili, miezi tisa inakupa 720.
Njia ndefu ni Fomu 8829, ya gharama halisi za ofisi ya nyumbani. Umeme wa kibanda na ukarabati wake unaingia wote. Riba ya mkopo wa nyumba, bima na kodi ya jengo unachukua kwa asilimia ya eneo. Nyumba yako kubwa kiasi gani?

Mama Zawadi:
Futi 1,408.

Binti Hesabu:
Ukijumlisha na kibanda ni 1,600, kwa hiyo asilimia 12. Hapo ongeza uchakavu, yaani gharama ya jengo unayoikata kidogo kidogo kila mwaka: 14,400 unagawa kwa miaka 39, kama dola 369 kwa mwaka kamili. Wengi huona 39 wakacheka, lakini ndiyo sheria kwa jengo la biashara. Meza na kompyuta vinahesabiwa kivyake. Mapato yakiwa madogo mwaka huu, makato yaliyobaki ya njia ndefu yanahamia mwakani. Ya mkato hayahami.

Jirani wa Minnesota:
Msimfiche la pili. Siku ukiuza nyumba, ule msamaha wa kodi kwenye faida ya mauzo, mpaka dola 250,000, au 500,000 kwa wanandoa, haugusi sehemu ya kibanda. Na uchakavu uliodai utatozwa kodi, mpaka asilimia 25. Mimi bado nilidai, ila nilijua.

Mzee wa Risiti:
Swali moja, dada. Humo ndani hamna kitu kingine? Watoto hawachezi gemu?

Mama Zawadi:
Watoto hapana. Baba Zawadi aliingiza mashine ya kukatia majani Novemba mosi, majira ya baridi. Iko pembeni tu.

Mzee wa Risiti:
Pembeni au katikati, ni stoo ya familia hiyo. Hesabu Aprili hadi Oktoba.

Binti Hesabu:
Miezi saba kwa njia ya mkato: dola 560.

Mama Zawadi:
Dola 160 kwa ajili ya mashine! Ngoja arudi kazini, leo inalala gereji.