Sarafu ya fedha yenye kito: thamani yake iko wapi?

Mgeni wa Sarafu anauliza:

Ndugu zangu, naomba mwongozo. Nimeonyeshwa sarafu ya fedha ya wakia moja, ambayo sehemu ya mchoro wake imepakwa dhahabu na katikati imepachikwa jiwe jekundu. (Ninaposema fedha ninakusudia madini, si pesa, mimi na muuzaji tulizungumza kwa muda kabla hatujagundua kwamba kila mmoja alikuwa na maana yake.) Bei anayotaka ni karibu mara nne ya bei ya madini yenyewe, na anadai kwamba tofauti hiyo inatokana na dhahabu pamoja na kito. Cheti kinataja fedha ya 999 (yaani sehemu 999 kati ya 1000 ni fedha tupu), upako wa dhahabu na "kristali nyekundu". Je, maelezo yake yanakubalika?

Sonara Mstaafu:

Hayakubaliki, na hesabu yenyewe itakuonyesha. Sarafu yenye kipenyo cha milimita 40, hata ikipakwa dhahabu pande zote mbili kwa unene wa mikroni moja, hubeba takriban gramu 0.05 tu za dhahabu, ilhali wakia moja ya fedha ni gramu 31.1. Yako imepakwa sehemu tu ya mchoro, kwa hiyo dhahabu hiyo ni pambo, wala hakuna sonara atakayekulipa kwa ajili yake.

Kuhusu jiwe, soma cheti neno kwa neno. Katika biashara hii "kristali" kwa kawaida ni kioo kilichokatwa kwa ustadi, kama vile kristali za kampuni ya Swarovski ambazo Royal Canadian Mint, kiwanda cha sarafu cha Kanada, imezitumia katika sarafu zake nyingi. Kingekuwa kito halisi, cheti kingetaja jina lake, yaani yakuti, zumaridi au almasi, na aghalabu uzito wake kwa karati. Hata likiandikwa neno yakuti, uliza kama ni ya asili, kwa kuwa tangu Auguste Verneuil alipotangaza njia yake mwaka 1902, yakuti hutengenezwa viwandani ikiwa na kemia ileile ya yakuti iliyochimbwa. Tena usibabaishwe na karati: karati moja ya kito ni gramu 0.2, na almasi nyingi za kwenye sarafu ni sehemu ndogo sana ya karati.

Mtunza Sanduku:

Hesabu ya Sonara ni sahihi, lakini sikubali kwamba sarafu ipimwe kama mkufu unaopelekwa kuyeyushwa. Mkusanyaji hulipia mchoro, idadi iliyotolewa, ubora wa ufuaji (yaani jinsi mchoro ulivyogongwa kwenye madini), na sababu ya kito kuwapo pale kilipo. Mwaka 2001 Poland ilitoa sarafu ya fedha ya zloti 20 kuhusu njia ya kale ya biashara ya kaharabu (utomvu wa miti wa kale uliogeuka kuwa kama jiwe), na ndani yake ikapachikwa kipande cha kaharabu. Hapo jiwe ndilo habari yenyewe. Kuna nyingine nyingi ambazo jiwe limewekwa ili ing'ae tu, na hizo, kwa maoni yangu, huchosha macho mapema.

Usiongozwe pia na jina la nchi iliyoandikwa. Sarafu nyingi za aina hii hutolewa kwa jina la Niue au Visiwa vya Cook, visiwa vidogo vya Pasifiki, ingawa zimefuliwa katika viwanda vya nchi nyingine, na thamani iliyoandikwa usoni huwa ndogo sana ikilinganishwa na hata bei ya madini. Kabla ya kulipa, tafuta bei ambayo sarafu kama hiyo imeuzwa kwa mara ya pili, kwa maana bei ya kwanza ni matakwa ya muuzaji.

Mgeni wa Sarafu:

Nimewaelewa, na nimeanza kuona kwamba hiyo mara nne haina msingi. Je, nikiipima kwa maji, yaani kuizamisha ili kupata msongamano wake, ili kujua kama ni fedha halisi, sitaiharibu?

Sonara Mstaafu:

Usiipime hivyo, kwanza kwa sababu jibu litakupotosha. Fedha ina msongamano wa takriban gramu 10.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kioo kina kama 2.5 na yakuti kama 4, hivyo sarafu yenye jiwe itaonekana nyepesi kuliko inavyopaswa hata kama fedha yake ni safi. Pili, maji yakiingia chini ya jiwe yanaweza kulegeza gundi. Anza na sumaku, kwani fedha haivutwi nayo, kisha linganisha uzito na kipenyo na vile vilivyoandikwa kwenye cheti.

Ukiinunua, iache ndani ya kapsuli yake. Fedha huwa nyeusi kwa salfa iliyomo hewani, na dawa za kusafishia zinazoondoa weusi huo huharibu upako na pengine jiwe pia. Kaharabu haivumilii spiriti, na opali ina maji ndani yake, kwa hiyo ikikauka sana inaweza kupasuka.

Mgeni wa Sarafu:

Nitampa muuzaji bei ya fedha na nyongeza kidogo kwa ajili ya mchoro, ambao kwa kweli unanipendeza. Akikataa, nitamwachia kristali yake.