ETI "SUBIRA HUVUTA HERI"! Huyu muuza mvinyo wa Bordeaux ametuona mabwege?

Pipa Tupu:
Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Yule bwana wa London mnayemjua. Wa tai ya kipepeo. Aliyekwenda Serengeti siku 6 akarudi na maneno 10 ya Kiswahili. Simtaji, nusu yenu mna hela kwake.

Leo asubuhi kaulizwa swali la kistaarabu kabisa: kasha la chupa 6 za Saint-Julien (mvinyo wa Bordeaux) ya 2022, lililolipiwa pipani, yaani mvinyo ukiwa bado kwenye pipa, Juni 2023, liko ghala gani na namba yake ni ipi? Akajibu mstari mmoja: "Subira huvuta heri 🍷". Basi. Na hiyo glasi hapo mwisho. GLASI!

Tembo anabeba mimba miezi 22 na anazaa. Huyu yuko mwezi wa 28 na hana hata dalili ya uchungu. Subira ya nini? Zabibu zilivunwa 2022. Aprili 2023 wataalamu wakaonja sampuli pipani, Mei na Juni bei zikatoka, tukalipa. Mvinyo ukalala kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja na nusu hivi, kiangazi cha 2024 ukatiwa chupani. Imebaki hatua gani ya kusubiri? Lori?

Muuzaji mwingine, mtaa ule ule, analo kasha hilo hilo, lipo ghalani, unalichukua wiki hii, na bei yake ni paundi 60 pungufu ya tuliyolipa pipani. Halafu mtu anakuandikia methali ya bibi yako mwenyewe. Na glasi.

Mchaga wa Croydon:
Umepigwa. Tulia dawa ikuingie.

Kibaha Kwetu:
Ngoja nielewe. Umelipa hela yote, ya kitu ambacho hakijatiwa chupani, kwa mtu wa tai ya kipepeo, ukapewa karatasi. Hiyo hela Kibaha unapata kiwanja chenye hati.

Pipa Tupu:
@Kibaha Kwetu kiwanja cha Kibaha nacho huwa na hati 4 na wenyewe 4. Mimi sijalalamikia kulipa mapema. Nimelalamikia GLASI.

Mzee wa Bondi:
Mleta uzi, hasira weka pembeni kidogo, hapa pana jambo zito kuliko methali. Shato, yaani shamba linalotengeneza mvinyo, kwa kawaida haliuzi moja kwa moja. Linauza kwa mfanyabiashara wa jumla wa Bordeaux, katikati yupo dalali anayekula asilimia 2. Huyo wa jumla anamuuzia wa London, wa London anakuuzia wewe. Mzigo ukichelewa mwaka baada ya wenzake kupokea, tatizo huenda siyo lori. Ni kwamba hela yako iliishia London, haikuvuka bahari, na wa Bordeaux hatoi kasha hajalipwa.

Kwa hiyo usimuulize "lini". Akutumie nakala ya ankara aliyolipa Bordeaux na tarehe ya mzigo kuingia ghala la forodha. Ukishaingia, mzigo hupewa namba ya ghalani, na kasha linatakiwa kukaa kwenye akaunti yenye jina LAKO. Ukiambiwa "liko kwenye akaunti yetu kubwa, usijali", hapo ndipo pa kujali. Akifilisika kesho, mfilisi anaweza kuhesabu kila kilichoko kwenye akaunti hiyo kama mali ya duka, na wewe unapanga foleni na mdai wa umeme na mdai wa kodi ya pango.

Swali muhimu: ulilipa kwa kadi ya mkopo au uhamisho wa benki? Kama ni kadi, kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo ya 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa inayozidi paundi 100 hadi 30,000. Andikia benki.

Pipa Tupu:
Uhamisho. Alitoa punguzo la asilimia 2 kwa wanaohamisha.

Mchaga wa Croydon:
😂😂😂 Asilimia 2! Dalali wa Bordeaux na wewe mmepata sawa.

Bibi Kizibuo:
Mtaniona mbaya, ila kosa la kwanza ni kununua 2022 pipani. Mwaka mzuri, joto na ukame, zabibu ndogo zenye nguvu, hakuna ubishi. Ubishi ni bei. Kabla ya kulipa pipani tazama sokoni 2016 na 2019 za shato hilo hilo zinauzwa ngapi, zikiwa tayari ziko chupani na zimeshatulia. Kama kichanga kina bei ya kaka yake, unalipia nini? Unamkopesha Mfaransa bila riba, basi. Na wenyewe walijishtukia: Lafite, shato maarufu la huko, ya 2022 ilitoka kwa yuro 580 chupa kwa bei ya wafanyabiashara wa jumla, 2023 ikashuka hadi 396. Aliyenunua ile ya 580 akaambiwa "uwekezaji" anajisikiaje leo? Shato Latour waliacha kabisa kuuza pipani tangu 2012, wanatoa mvinyo wakiona umeiva.

Pipani kuna maana kwa mambo machache. Vishamba vidogo vya Pomerol, huko huko Bordeaux, ambavyo baadaye hutaviona. Bei ikiwa kweli chini ya miaka iliyotangulia. Na saizi. Ukitaka magnamu (chupa ya lita moja na nusu) au nusu chupa, ndipo pa kuagiza, maana shato likishatia chupani limetia, hakuna kurudisha pipani.

Magnamu Tatu:
USINIKUMBUSHE SAIZI. Mtu yule yule, tai ile ile. Oda ilikuwa magnamu 3, nyongeza ya saizi imelipwa, kumekuja chupa 6 za kawaida. Akasema "mvinyo ni ule ule". Ni ule ule leo! Magnamu ina mvinyo mara mbili na kizibo kimoja, hewa inayopenya inagawanywa kwa lita moja na nusu, kwa hiyo inazeeka taratibu. Ndiyo maana tunalipia. Afadhali mwenzetu alipewa methali.

Pipa Tupu:
Na glasi. Usisahau glasi.

Ushuru Kichwani:
Magnamu, methali, yote madogo. Mimi nina ugomvi na bei ya bondi, yaani bei ya mvinyo ukiwa ghala la forodha, kodi bado. Watu wanaona "paundi 600 kwa kasha" wanadhani ndiyo mwisho. Siku ya kutoa kasha ghalani, mvinyo wa asilimia 13.5 una ushuru wa paundi 3 hivi kila chupa, chupa 6 ni 18. Unapata 618. VAT asilimia 20 inapigwa juu ya hiyo 618, siyo juu ya 600, yaani 123.60. Jumla 741.60, kabla ya usafiri na ada ya ghala ya kila mwaka. Yupo muuzaji anaiandika hiyo kwa maandishi ya sisimizi.

Mchaga wa Croydon:
Yupi?

Ushuru Kichwani:
Kipepeo.

Pwani Mchangani:
Samahani kutoka nje ya mada. Kasha likiwa bado bondi London, naweza kulipeleka Mombasa bila kulipa VAT ya huko?

Mzee wa Bondi:
Ndiyo. Linatoka bondi kama bidhaa ya kusafirishwa nje, hulipi ushuru wala VAT ya Uingereza, utakutana na forodha ya Kilindini. Shida siyo kodi, ni joto. Kontena la kawaida likikaa juani bandarini, mvinyo unatanuka na kusukuma kizibo. Ukipokea, pitisha kidole juu ya shingo: kifuniko kikiwa kimeinuka au kinanata, huenda mvinyo umeshaharibiwa na joto. Lipia kontena la baridi, usione uchungu.

Zabibu za Nyumbani:
Yote haya ya nini? Dodoma wanavuna mara 2 kwa mwaka. Unakunywa mwaka huo huo.

Bibi Kizibuo:
@Zabibu za Nyumbani na kichwa kinauma mwaka huo huo.

Zabibu za Nyumbani:
Heshima, bibi. Shida ni kwamba mnaunywa wa moto. Nani kawaambia mvinyo mwekundu ni joto la chumba? Chumba cha nani, cha Dar mwezi wa pili?

Pipa Tupu:
Jamani, turudi kwenye glasi.

Pwani Mchangani:
Sasa wa Bordeaux unaunywa kwenye digrii ngapi?

Bibi Kizibuo:
17 hivi. Mombasa weka kwenye friji mpaka upoe, toa, mimina kwenye jagi ukae saa moja. Chupa isimame wima tangu jana yake ili mashapo yashuke chini.

Zabibu za Nyumbani:
Saa moja kwenye jagi Mombasa si unarudi kuwa wa moto?

Bibi Kizibuo:
Jagi nalo liweke kwenye beseni la maji baridi. Hivi nyinyi mnafundishwa nini huko?